Maksi Saba za Mama Yako

Werugha, Jumapili mchana

Wakesho mwanangu,

Umekwenda Chawia kumuaga nyanya yako, na kwa vile nyanya hamruhusu mtu kutoka kwake kabla hajala mara mbili, nadhani nina saa tatu au nne za kuandika bila kuulizwa ninaandika nini. Huku kunanyesha ile mvua yetu isiyoamua kama ni mvua au ni ukungu. Nimefunga dirisha, nimesogeza sufuria, nimekaa mahali alipokuwa akikaa mama yako kwa sababu ndipo penye mwanga.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala neti ya mbu, wala jua la Lodwar unakokwenda kufundisha. Shangazi yako Mghoi ameshakuambia yote hayo, akakuandikia na orodha, na juzi alinipigia simu kuuliza kama orodha umeisoma. Nikamjibu umeisoma, ingawa sijui. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka wiki tatu kama mtu anayemzunguka ng'ombe mwenye teke.

Jambo lenyewe ni kile kitabu.

Najua umekichoka. Mimi nimekichoka kuliko wewe. Wiki tatu tunakaa nyumba moja na tunaambiana "chai iko tayari" na "asante" kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Nikiingia sebuleni unakumbuka una nguo za kuanua. Nguo gani hizo, Wakesho, katika ukungu huu? Jana umeanua blanketi ambalo halijawahi kukauka tangu Jumatano. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwa na la kusema, ukanipita na hilo blanketi bichi kifuani, nami nikalimeza tena lile neno.

Basi nianze na ile Jumamosi, tuiangalie pamoja.

Unakumbuka mama yako alivyoanzisha chama chake cha wasomaji, wewe ukiwa darasa la sita, pale ukumbi wa kanisa, na vitabu kumi na moja ndani ya katoni ya sabuni. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya soko, kila aliyemaliza kitabu anasimama, anakieleza kwa ufupi, anatoa maksi juu ya kumi, kisha anaandika jina na maksi nyuma, upande wa ndani wa jalada. Sheria ilikuwa moja, na aliitunga mwenyewe: hujafika ukurasa wa mwisho, huna maksi. Hakutaka kusikia udhuru. Alimnyima hata mke wa pasta, aliyebakiza kurasa nne kwa sababu mkaa ulikuwa umeisha.

Mimi nilikuwa naenda kubeba katoni tu. Nilikaa nyuma nikiwasikiliza, na nikwambie ukweli, wengine walinichosha. Mwalimu Mghanga, tangu astaafu, hupunguza maksi kwa makosa ya chapa. Kitabu kikimliza machozi bado atakipa tano kwa sababu kuna nukta imekosekana ukurasa wa tisini. Mama Shako naye ni kumi, kila kitabu kumi. Mama yako alimuuliza siku moja, "Mama Shako, hata hiki cha kufuga sungura?" Akajibu, "Mtu ameketi akaandika kurasa mia mbili, mimi nani nimnyime?" Mama yako mwenyewe hakuwahi kutoa kumi. Alipopenda kitabu kabisa alitoa tisa, akasema ile moja inangoja.

Na wewe, usijifanye hujui, ulikuwa unamtia wazimu. Unakaa hapo kwenye kochi na simu unatoa nyota mtandaoni. Nyota mbili, nyota moja. Mama yako anauliza, "Umekimaliza?" Unasema, "Mama, ukurasa wa thelathini unatosha kujua." Akakurushia kitambaa cha vyombo. "Ungekutana na baba yako ukurasa wa thelathini ungemwacha!" Nilicheka siku hiyo. Baadaye nimefikiria kwamba labda hakuwa anatania sana.

Kwa hiyo Jumamosi ile uliposimama na kile kitabu cha dada wawili mkononi, nilifurahi. Nilisema moyoni, leo amemaliza kitabu kizima, na ni kile alichokuwa akisomewa mama yake hospitalini. Ulikieleza vizuri. Dada wawili wenye hoteli ya chai na maharagwe pale mpakani, wanagombana, mdogo anaondoka, mkubwa anayeitwa Tabu anaanza kuugua, mdogo anarudi. Ulikipa nane. Ukafungua nyuma uandike jina lako, ukakuta mstari ulio juu yako: Mama Wakesho, 7. Mwandiko wangu.

Hukuuliza kwa ubaya. Hilo nimelikumbuka kila siku. Ulitabasamu kabisa.

"Baba, kumbe alimaliza?"

"Alimaliza," nikasema.

"Sasa Tabu alipokufa, mama alisemaje?"

Na mimi nikasema, "Hakusema kitu."

Ukanitazama. "Mama? Mama hakusema kitu?"

Hapo nilijua nimejikamata mwenyewe. Mama yako alikuwa akisoma anagombana na watu wa kitabuni kama wamekaa jikoni kwake. Maharagwe yameungua katika nyumba hii si mara moja kwa sababu mtu fulani kitabuni alikuwa anaolewa na mtu asiyefaa. "Nenda! Nenda huko ukaone!" Majirani walidhani ananigombeza mimi. Mwanamke kama huyo asomewe kifo cha Tabu, baada ya kurasa mia mbili za kuishi naye, anyamaze?

"Baba, ulimsomea ukurasa huo?"

Mwalimu Mghanga akakohoa. Mama Shako akasema, "Wakesho mwanangu, mwache baba yako, amepitia mengi." Ukachukua kalamu, ukachora mstari juu ya jina la mama yako na ile saba, taratibu, kama mwalimu anayesahihisha. Halafu ukasema, "Umezoea kutumalizia vitabu, baba." Ukatoka, ukaacha mkoba.

Nilikasirika. Usinione mpole, nilikasirika sana. Nikaubeba mkoba wako na katoni pamoja, nikipanda mlima kwenye matope, nikisema peke yangu. Huyu anayetoa nyota kwa ukurasa wa thelathini! Leo ndiye askari wa sheria! Mbele ya watu! Na nilipofika nyumbani, simu haikupumzika. Grupu ya wasomaji ikajaa mikono ya maombi. Mama Shako akatuma ua. Mwalimu Mghanga akaandika ujumbe mrefu kama barua ya serikali, akiuliza kama maksi iliyofutwa na mtu asiye mwenyewe inahesabika au haihesabiki katika wastani wa kitabu, na akapendekeza kamati. Kamati, Wakesho! Watu watatu wakakubali kuwa kwenye kamati kabla sijavua viatu. Niliizima simu nikaiweka ndani ya kabati la vikombe.

Sasa nikueleze ilivyokuwa Voi.

Wewe ulikuwa chuoni mwaka wako wa mwisho. Unajua tulishuka Voi kila Jumanne na kila Ijumaa mama yako akasafishwe damu kwa mashine. Usilolijua ni jinsi saa nne zile zilivyo ndefu. Kule chini joto ni kama mtu amekuwekea mkono mdomoni, na sisi watu wa juu hatujazoea. Sukari ilikuwa imeshamharibu macho, herufi zilikuwa zinamkimbia. Akanipa kile kitabu akaniambia, "Nisomee, Baba Wakesho. Polepole ni sawa."

Mimi ni mtu wa kidato cha pili, na kwa Kiswahili cha vitabu hata hicho kidato ni kwa kunihurumia. Yule mwandishi ana sentensi zinazoanzia Taveta na kuishia Mombasa. Nilikuwa nafika katikati nimeishiwa pumzi, sikumbuki tena nani alikuwa anafanya nini, narudi nyuma. Mama yako anacheka na mirija mkononi. Kitanda cha pili alikuwapo mzee mmoja wa Maungu, Mkamba, mfanyabiashara wa mkaa zamani, naye siku zake zilikuwa Jumanne na Ijumaa kama sisi. Wiki ya kwanza alijifanya amelala. Wiki ya pili akasema, "Jirani, paza sauti kidogo, huyo dada mdogo sijamsikia amekwenda wapi." Kutoka hapo tukawa watatu. Ikawa nikichelewa kufungua kitabu, mzee ananiuliza kama leo shule imefungwa.

Tulikwenda vizuri mpaka ukurasa wa mia moja tisini na nane. Umekisoma, unajua kilichoko pale. Tabu anavua viatu jioni anakuta miguu imevimba, anabonyeza kwa kidole na shimo linabaki. Niliona maneno hayo kabla sijayafikia, kama mtu anayeendesha baiskeli akaona shimo barabarani. Miguu ya mama yako ilikuwa hapo mbele yangu chini ya shuka. Tulikuwa tumeibonyeza asubuhi ileile.

Nikafunua kurasa mbili kwa pamoja.

Nilidhani ni hizo mbili tu. Lakini ugonjwa wa Tabu uko kila mahali kuanzia hapo, mwandishi hamwachi. Ijumaa iliyofuata nilikuta siwezi kuruka tena, hakuna pa kutua. Basi nikaanza kutunga. Nashika kitabu, natazama mistari, na ninachosema si kilichoandikwa. Nikasema Tabu alikwenda kwa daktari akapewa dawa. Nikasema uvimbe ukapungua. Nikasema wakapika maandazi. Mimi ambaye insha zangu zilirudi na kalamu nyekundu nyingi kuliko ya bluu, nilitunga hoteli nzima, na wateja wakaongezeka.

Mzee wa Maungu akainua kichwa. "Jirani, ngoja kwanza. Huyo mama alitumia dawa gani?"

Nikasema, "Kitabu hakikutaja."

"Hakikutaja? Mtu miguu imevimba namna hiyo apone, na wasitaje dawa? Rudi nyuma uangalie."

Nikajifanya narudi nyuma. Natafuta dawa ndani ya kitabu, na mzee amenikazia macho, na najua kwamba haulizi kwa ajili ya Tabu. Nikasema, "Hakuna, mzee wangu." Akasema, "Mwandishi gani huyu mchoyo!"

Mama yako alikuwa amegeukia dirisha. Akasema bila kugeuka, "Si mchoyo, mzee. Ni mwoga."

Alijua, Wakesho. Nilijua kwamba alijua, naye akajua kwamba najua, na nikaendelea kusoma maandazi.

Ilinichukua Jumanne na Ijumaa tatu kukimaliza kwa njia hiyo. Katika mwisho niliotunga mimi dada walipatana, wakapaka hoteli rangi mpya. Nikafunga kitabu. Nikamuuliza maksi, kwa sababu nilitaka ajihisi yuko Jumamosi yake, pale ukumbini. Akafikiri kweli, kama alivyokuwa akifikiri siku zote. Akasema, "Saba."

"Kwa nini saba?"

"Kilianza vizuri. Kufika katikati kikaanza kuniogopa."

Hiyo ndiyo saba. Alinitajia kwa mdomo wake, sikuizua. Baada ya mazishi, wewe umesharudi chuoni, nilikipeleka kitabu kwenye chama, nikasimama, nikasema Mama Wakesho amekimaliza na amekipa saba. Watu wakapiga makofi. Mama Shako akalia. Nikaandika. Na nikarudi nyumbani nikijiona nimefanya jambo jema. Kumbe maksi ni zake lakini kitabu alichokipa hakiko katika katoni ile wala mahali pengine popote. Kilikuwa changu. Ulikuwa na haki kuchora mstari, na uache ulivyo. Mwalimu Mghanga na kamati yake nimewaambia hivyo jana, nikatoka kwenye grupu kabla hawajateua katibu.

Lakini hilo si jambo lenyewe bado. Natamani lingekuwa hilo.

Alhamisi iliyopita nilikuwa kazini nikipokea maziwa. Unajua kazi yangu, umekulia hapo. Miaka zaidi ya ishirini nachota kwenye kila mkebe, natumbukiza kile kipimo cha kioo, nangoja kitulie, nasoma. Yakiwa na maji, yanarudi. Sijawahi kumpitishia mtu. Shangazi yako Mghoi alileta yake siku moja msimu wa kiangazi, yamezidishwa maji, nikayakataa mbele ya foleni yote. Akayamwaga pale pale langoni, akasema, "Wewe hata Yesu angekuletea ungemrudishia mkebe!" Hakuja hapa kwetu hadi Krismasi. Nami nilijivuna, Wakesho. Nilijiona mtu asiyepitisha uongo.

Basi Alhamisi hiyo nangoja kipimo kitulie, ndipo neno lako likanirudia. Hukusema nimezoea kummalizia mama vitabu. Ulisema kutumalizia. Sisi. Nikasimama na kipimo mkononi mpaka mwenye mkebe akauliza kama maziwa yake yana tatizo. Nikamwambia si yako.

Nilikumbuka zile simu. Ulikuwa unapiga kila Jumapili jioni. "Baba, mama anaendeleaje?" "Anaendelea vizuri. Wewe maliza mitihani." Kila Jumapili. Siku ambayo hakuweza kuinuka kitandani nilikuambia anapumzika. Siku ambayo daktari aliniita kando, akaniambia tuandae familia, nilikuambia daktari amefurahi. Kwa nini nilisema daktari amefurahi? Nani aliniuliza habari za furaha ya daktari? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Nadhani mtu akianza kutia maji, mkono haujui tena mahali pa kuacha.

Na sasa nifike.

Jumanne ya mwisho, mashine ikiwa inazunguka, mama yako aliniambia, "Mwite Wakesho."

Nikasema, "Ana mtihani Alhamisi."

"Najua. Mwite."

"Ataupoteza mwaka mzima, Mama Wakesho. Ni siku mbili tu. Akimaliza Alhamisi, Ijumaa atakuwa hapa."

Alitazama mashine ikizunguka. Nilidhani anafikiria mtihani. Akasema, "Haya basi," akageukia dirisha.

Hakurudia. Unamjua, hakuwa mtu wa kurudia. Ningeweza kutoka nje pale kwenye uwanja wa hospitali nikakupigia. Simu ilikuwa mfukoni, ina chaji. Ungepanda basi usiku ule, asubuhi ungekuwa Voi, mchana hapa nyumbani. Alhamisi saa nne asubuhi alitutoka hapa nyumbani, wewe ukiwa umeinamia karatasi, na uliposhika simu ukakuta nimepiga mara sita. Nikakuambia ilitokea ghafla. Nikamwambia kila mtu ilitokea ghafla. Shangazi yako, pasta, nyanya yako kule Chawia. Ilisemwa hata kwenye historia fupi ya marehemu, ikasomwa mbele ya watu wote, nami nikitikisa kichwa.

Haikutokea ghafla. Alikuita na mimi sikukuita.

Sijui alitaka kukuambia nini. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, na sina mtu wa kumlaumu. Huenda alitaka kukutazama tu. Huenda alitaka kukuambia mambo ambayo hakuweza kuniambia mimi, kwa sababu kila alipofungua mdomo juu ya kifo nilimfunika kwa rangi mpya ya hoteli. Alikaa na kifo chake peke yake, nami nikiwa nimekaa kiti cha karibu na kitabu mkononi, nikipaza sauti ili na mzee wa Maungu asikie.

Nikwambie na hili, maana leo nimeamua kumwaga mkebe wote. Kabla ya barua hii niliandika nyingine asubuhi, ulipokuwa unafunga kitenge chako uende. Katika hiyo niliandika maneno ya mwisho ya mama yako kwako. Yalikuwa mazuri. Alikusifu kwa bidii, akakutaka usiache kusoma, akakubariki. Niliyasoma tena nikaona yanafanana naye kabisa, hata wewe ungeyaamini. Yote nimeyatunga. Nimeyatia kwenye moto wa jikoni nikasubiri hadi karatasi ikawa jivu. Nilikuwa karibu sana kukupa hiyo.

Kwa hiyo sina maneno yake ya kukupa. Nina yale machache tu: "Mwite Wakesho," "Najua, mwite," na "Haya basi." Uyachukue. Ni yako, nilikuwekea mwaka mzima bila haki.

Sitakuambia namna ya kuishi huko. Utakuwa mwalimu, watoto watakuuliza mambo magumu, na wakati mwingine utaona huruma na utataka kuwaambia Tabu alipona. Mimi naelewa hamu hiyo kuliko mtu yeyote wilayani hapa. Sikuambii usihurumie. Nakuambia tu kilichonipata: nilidhani namwondolea mama yako mzigo, kumbe nilikuwa namwondolea mwenzake wa kuubeba. Na wewe nikakufanyia vivyo hivyo, nikakuacha ufanye mtihani wa hesabu siku ambayo ungekuwa umeshika mkono wake. Ulipita huo mtihani. Nilikupongeza. Sasa naelewa kwa nini hukuwahi kutundika cheti ukutani, nami nikawa nakusumbua kila wiki na habari za msumari.

Wewe pia una la kwako, na nitalisema kwa kuwa nimekasirika nawe bado kidogo. Ulijua. Labda si habari za Jumanne ile, lakini ulihisi kuna kitu, tangu mazishi. Mwaka mzima ulinitazama kwa yale macho na hukuuliza. Ukaongea na simu yako, ukagawa nyota. Ungeniuliza, Wakesho. Ningekudanganya mara ya kwanza, na ya pili, lakini nadhani ya tatu ningechoka. Basi tumekuwa watu wawili wenye huruma nyingi katika nyumba moja, kila mmoja akimfichia mwenzake, na ona tulipofika: tunaambiana chai iko tayari.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii katikati ya nguo zako, ile sweta ya kijivu, ili uikute ukiwa umeshavuka Nairobi, au siku ya kwanza huko Lodwar ukifungua begi. Nilikuwa nimeshakunja hata bahasha. Halafu nikaona ninachofanya. Nachagua tena siku ambayo wewe utajua. Nachagua uwe mbali, ulie peke yako, ukasirike na ukuta wa nyumba ya kupanga, nami niko huku juu salama.

Hapana. Nitakupa mkononi leo, ukirudi, kungali mwanga. Basi lako ni kesho, kwa hiyo una muda wote wa kunipigia kelele uso kwa uso. Nitakaa papo hapo mezani mpaka umalize kusoma. Sitaenda kuangalia chochote nje.

Ukitaka kuuliza, uliza. Ninayoyajua nitakujibu, hata yakiwa mabaya. Nisiyoyajua nitasema sijui, na hapo unaniamini au huniamini, ni shauri lako.

Baba yako